Nilijibu "Yes", wakaandika kwamba nimekiri

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 29, mtunza stoo katika hoteli moja ya watalii hapa Arusha. Jikoni, stoo na mapokezi tunazungumza Kiswahili, lakini meneja wetu ni Mwingereza, na tangu alipofika mwaka jana vikao vyote na maandishi yote ya kazi ni kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha sekondari, pamoja na nilichookota kwenye filamu. Mgeni akiniuliza njia nitamwelekeza bila shida. Ninakwama pale ninapotakiwa kukataa jambo kwa uzito, au kukana jambo ambalo sikulifanya.

Mwezi wa tano msambazaji alileta madumu 34 ya mafuta ya kupikia, ya lita 20 kila moja, ilhali hati ya kupokelea mzigo ilisema 40. Msimamizi wangu aliniambia nisaini tu, kwani sita yaliyobaki yangefika kesho yake. Meneja alikuwa amesimama karibu, naye akasema kwamba msambazaji ni wa siku nyingi na haoni ubaya. Nilitaka kusema kwamba katu siwezi kusaini mzigo ambao sijaupokea, maana likitokea la kutokea nitakayeulizwa ni mimi. Maneno yaliyonijia mdomoni yakawa "Over my dead body!" nami nikayatamka kwa sauti kubwa. Meneja alinyamaza, akanitazama, akaondoka. Tangu siku hiyo hata salamu yake imekuwa ya mbali.

Wiki tatu baadaye madumu manne hayakuonekana stoo, nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Ufunguo wa stoo ninao mimi, na ule wa akiba hukaa ofisini kwa mhasibu. Meneja aliniuliza, "You didn't give the key to anyone?" Nikajibu "Yes", nikimaanisha ndiyo, sikumpa mtu. Nilipoona nyuso zimebadilika nikaongeza, "I didn't give nobody." Katika muhtasari wa kikao imeandikwa kwamba nimekiri kumpa mtu mwingine ufunguo. Nikaandika barua ya maelezo, nikaianza kwa "I refute all the allegations", kisha "At no time I gave the key to any person". Afisa rasilimali watu alinirudishia barua hiyo ikiwa na swali moja la kalamu nyekundu: ushahidi wako uko wapi? Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kuleta maelezo mapya, la sivyo onyo la maandishi litaingia kwenye faili langu.

Mwalimu, ufunguo sikumpa mtu. Naomba unieleze nilikosea wapi, na mtu anakataaje au anakanaje kwa Kiingereza akaaminika, bila kuonekana hana adabu.

Mtunza stoo, Arusha

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichoniuma ni kwamba ulisema kweli, kisha sarufi ya lugha nyingine ikaigeuza kweli yako kuwa ungamo. Nitaanza na lile neno "Yes", kwa sababu ndilo lililokuumiza zaidi, ingawa wewe mwenyewe unaonekana kuhofia zaidi ile kauli ya filamu.

Katika Kiswahili, "ndiyo" na "hapana" huelekezwa kwa maneno ya anayeuliza. Mtu akiniuliza "Hukumpa mtu ufunguo?" amekwisha kunionyesha anachodhani, yaani kwamba sikumpa, nami nikijibu "ndiyo" ninamwambia kwamba amepatia. Ndiyo maana tunasema "Ndiyo, sijala" bila mtu yeyote kushangaa. Kiingereza hakitazami maneno ya muulizaji, kinatazama tendo lenyewe. Ikiwa tendo lilifanyika, jibu ni "yes", hata swali liwe limeulizwa kwa umbo gani. Ikiwa halikufanyika, jibu ni "no". Kwa hiyo meneja wako alisikia, "Ndiyo, nilimpa mtu." Wewe ulikubaliana na kauli yake, yeye akasikia unakubali tendo.

Jambo hili lilinifika nikiwa mwalimu kijana. Mkufunzi mmoja Mwingereza aliniuliza chumbani kwetu, mkono wake ukiwa tayari kwenye komeo la dirisha, "Do you mind if I open this?" Nami kwa ukarimu wote nikamjibu "Yes, yes!" Mkono wake ulibaki pale pale kwenye komeo, kisha akaushusha taratibu, akarudi kuketi, na chumba kikaendelea kuwa na joto hadi kipindi kilipokwisha. Alikuwa ameniuliza kama ningeona vibaya, nami nikamwambia naona vibaya. Jibu la kumruhusu lilikuwa "Not at all", yaani "hata kidogo". Ilinichukua siku kadhaa kuelewa nilichokuwa nimemwambia, na tangu hapo sijaacha kuwaonya wanafunzi wangu kuhusu maswali ya namna hiyo.

Kinga yake ni moja, nayo nakuomba uizoeze mpaka iwe desturi ya ulimi: katika kikao chochote, usiliache "yes" wala "no" likasimama peke yake. Lifuatishie sentensi nzima yenye tendo ndani yake. "No, I did not give the key to anyone." Ukiona hofu inakuchanganya, liache kabisa hilo neno la mwanzo na useme sentensi tu: "I did not give the key to anyone." Hapo hata aliyeuliza vibaya hawezi kukosea kukuelewa. Na niseme bila kuficha kwamba meneja wako naye alikuwa na wajibu wake. Jibu la "Yes" tupu kwa swali la kukanusha huwatatiza hata Waingereza wenyewe, na mtu anayeendesha kikao chenye uzito wa nidhamu alipaswa kuuliza mara ya pili kabla ya kuruhusu neno "amekiri" liandikwe.

Sasa "I didn't give nobody". Kosa hili nalo limezaliwa na Kiswahili kizuri. Sisi tunapokana kwa mkazo hatupunguzi ukanushi, tunauongeza: "Kamwe sikumpa", "Katu sitasaini", "Sikumpa yeyote, wala sikumwazima." Kila neno la mkazo huja, na kitenzi bado kinabaki katika hali ya kukanusha. Kiingereza sanifu kinataka ukanushi mmoja tu katika kishazi kimoja. Ukishasema "didn't", linalofuata ni "anybody" au "anyone"; na ukitaka "nobody", kitenzi hakikanushwi, unasema "I gave it to nobody". Ukiweka viwili, msikilizaji mwema atakuelewa, kwa kuwa Waingereza na Wamarekani wengi huzungumza hivyo hivyo mitaani kwao, lakini kwenye muhtasari wa kikao msomaji asiyekutakia mema anaweza kudai kwamba kanusho mbili hufutana na kubaki kukubali. Kwa sababu hiyo hiyo usije ukaitafsiri "kamwe sikumpa" kuwa "I never didn't give". Neno "never" limekwisha kubeba ukanushi wote, na kitenzi kinachofuata kinabaki safi: "I never gave it to anyone."

Kuhusu "refute", afisa aliyekuandikia kwa kalamu nyekundu hakukuonea. Tunayo maneno yanayotusaidia kuona tofauti. Kukana ni kusema jambo si kweli. Petro alimkana Yesu mara tatu bila kutoa hoja hata moja, na bado ilikuwa kukana. Kwa Kiingereza hilo ni "deny". Lakini "refute", kwa matumizi ya waandishi makini, ni kubatilisha, yaani kuonyesha kwa ushahidi kwamba dai si kweli. Siku hizi wanasiasa na magazeti hulitumia kwa maana ya kukana tu, na huenda ndiko ulikolisikia, ila mbele ya mtu anayelijua neno lake umejitwisha mzigo wa kuthibitisha ambao hukuwa umeubeba. Andika "I deny". Ukitaka uzito zaidi andika "I categorically deny", ambayo ni sawa na kusema unakana katakata, pasipo sharti wala pembe. Nakushauri ulitumie neno hilo mara moja tu katika barua nzima, kwa sababu likirudiwarudiwa linamfanya mtu asikike kama anayepiga kelele.

Ile "At no time" uliyoiandika ni kauli nzuri sana ya kukana, na sitaki uiache. Imepungukiwa mpangilio tu. Kiingereza kikitanguliza maneno ya ukanushi mwanzoni mwa sentensi ili kutia mkazo, sehemu inayofuata hujipanga kama swali: kitenzi kisaidizi kinatangulia, kisha mtenda. Si "At no time I gave", ni "At no time did I give". Ndivyo ilivyo kwa "Under no circumstances will I sign", yaani sitasaini kwa hali yoyote iwayo, na kwa "Never have I seen this paper", yaani sijapata kuiona karatasi hii maishani mwangu. Mpangilio huu hufundishwa shuleni kama zoezi la kugeuza sentensi, kisha husahauliwa, kwa sababu hakuna anayemwambia mwanafunzi kwamba siku moja jina lake jema litautegemea. Ni kauli za maandishi na za vikao. Ukimwambia mwenzako jikoni "Under no circumstances will I lend you my knife" atadhani umekasirika.

Nimefika kwenye "Over my dead body". Fikiria msimamizi wako amekuambia usaini, nawe mbele ya watu wote ukamjibu "Ng'o!" au "Thubutu!" Maneno hayo ni ya Kiswahili safi na yana nguvu, lakini yana mahali pake: watoto wakigombania kitu, marafiki wakitaniana, mama muuza ndizi akikataa bei ya dhihaka. Huwezi kumwambia mkweo "Ng'o". Kauli uliyoitumia maana yake ni kwamba jambo hilo litapita juu ya maiti yako, na Mwingereza anayeisikia kazini anaipokea kama tangazo la ugomvi. Katika kundi hilo hilo zimo "No way", "Not a chance", "Not in a million years" na "You must be joking". Hakuna iliyo tusi. Ni za watu waliozoeana, na wewe na meneja wako hamjafika huko. Filamu huzipenda kwa sababu ugomvi ndio unaosukuma hadithi mbele.

Tena kauli za mtaani zina hatari ya pili, ya kutoeleweka kabisa na asiyekulia ndani ya lugha. Tarehe 22 Desemba 1944, majeshi ya Ujerumani yakiwa yamewazingira Wamarekani katika mji wa Bastogne nchini Ubelgiji, maofisa wa Kijerumani walipeleka waraka wa kuwataka wasalimu amri. Jenerali Anthony McAuliffe aliwajibu kwa neno moja lililopigwa chapa: "NUTS!" Wajumbe walilisoma wakabaki wanauliza kama jibu ni la kukubali au la kukataa, mpaka Kanali Joseph Harper alipowafafanulia kwa maneno makali zaidi. Kwa Mmarekani neno lile lilikuwa limefunga mlango na komeo. Mjerumani aliyejifunza Kiingereza shuleni alijua kwamba ni jina la jamii ya karanga na korosho.

Kukataa kunakoheshimika katika Kiingereza cha kazi hujengwa kwa sentensi kamili, tulivu, yenye sababu ndani yake. Angalia alivyosema Rais Lyndon Johnson wa Marekani usiku wa tarehe 31 Machi 1968, alipowatangazia wananchi wake kwamba hatagombea tena: "I shall not seek, and I will not accept, the nomination of my party for another term as your President." Sitaomba kuteuliwa, na wala sitakubali nikiteuliwa. Kwa kitenzi cha kwanza ameufunga mlango wake mwenyewe, na kwa cha pili ameufunga mlango wa wale ambao wangekuja kumbembeleza. Hakuna neno la hasira humo, wala la kiapo, na hakuna aliyebaki na shaka. Zingatia pia kwamba hakufupisha: ametamka "shall not" na "will not" kila neno kwa ukamilifu wake. Kiingereza hutia mkazo kwa njia hiyo, kwa kulitoa neno "not" nje ya kifupisho na kulikazia sauti, mahali ambapo sisi tungeongeza "katu" au "abadan".

Siku ile ya madumu, basi, ungeweza kusema: "I'm sorry, but I cannot sign for forty. I have received thirty-four." Samahani, siwezi kusaini arobaini, nilichopokea ni thelathini na nne. Kisha ungenyoosha kidole kwenye madumu yenyewe na kutoa njia: "I can sign for thirty-four now and for the other six when they arrive." Kukataa huku ni kugumu kuliko "Over my dead body", kwa kuwa yeyote anayetaka kukulazimisha inambidi kwanza ashindane na hesabu. Angalia pia kauli ya "Certainly not". Ukiulizwa "Did you take the oil?" ukajibu "Certainly not", umekana kwa heshima na kwa nguvu. Ukiombwa na mkubwa wako ufanye jambo ukamjibu "Certainly not", umemwambia kwamba hata kuomba kwake ni aibu. Kauli ni ile ile, lakini kukana tuhuma ni kitu kimoja na kukataa ombi ni kingine.

Nimekuandikia "cannot" na si "can't", nayo ina sababu. Waingereza wanapokubali, neno "can" hulimeza, hulitamka haraka kama "kn". Wanapokataa, hulitamka kwa irabu nzima, na ile "t" ya mwisho mara nyingi haisikiki, hasa ikifuatwa na konsonanti. Sisi hutamka kila irabu kikamilifu, kwa hiyo "I can sign" yetu huweza kusikika masikioni mwao kama "I can't sign", na kinyume chake pia. Tamka silabi mbili, "can-not", na shaka hiyo itaondoka. Nimewasikia watu wazima wenye shahada wakipishana juu ya herufi hiyo moja kwenye simu.

Kwa maelezo yako mapya, andika kwa ufupi, kwa maneno ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyasimamia ukiulizwa. Unaweza kuanza hivi: "I deny that I gave the store key to anyone. At no time did I give it or lend it to another person. At the hearing I was asked, 'You didn't give the key to anyone?' and I answered 'Yes'. I meant that the statement was correct. In Swahili this is the normal way to confirm that something was not done. I respectfully ask that the minutes be corrected." Umekana, umeeleza neno lilivyopotoka, umeomba muhtasari urekebishwe, yote bila kumlaumu mtu. Ikiwa kuna siku uliuacha ufunguo mezani hata kwa dakika chache, usiandike kwamba hukuuacha. Niliyoyaandika hapo juu ni kutoa na kuazima tu, na wewe ndiye unayejua mengine. Kuhusu ule ufunguo wa akiba unaokaa ofisini kwa mhasibu, uliza katika aya ya pili, kwa lugha ya kawaida, bila kumtuhumu mhasibu.

Jua pia kwamba kwa Tanzania Bara, kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 zinamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoweza kuielewa, ampe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na amruhusu kusaidiwa katika kikao na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiitwa tena, omba mwenzako anayekijua Kiingereza vizuri aketi nawe, na omba kwa maandishi kwamba utajibu kwa Kiswahili na maneno yako yatafsiriwe. Kufanya hivyo si kukiri udhaifu. Meneja wako angeshtakiwa kwa Kichina, naye angeomba vivyo hivyo.

Kisha mwendee meneja mwenyewe, siku ambayo hakuna haraka, umwambie: "The words I used about the delivery were too strong, and I apologise for them. I still could not sign for forty." Sentensi ya kwanza inaomba radhi kwa maneno. Ya pili usiiache, hata kama msimamizi wako atakushauri uiache, kwa sababu siku ile stoo yalikuwepo madumu 34.